Nilikabidhiwa Mtoto wa Watu na Pango Sijawahi Kuliona

Alhamisi moja, saa saba mchana, begi langu la safari lilipandishwa kwenye mizani ya muuza mchele pale Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo.

Mshale ukakimbia mpaka kilo ishirini na saba, ukatulia.

Wakalifungua mbele ya watu. Ndani hakukuwa na nguo yangu hata moja. Hata mswaki haukuwepo. Kulikuwa na kichwa cha cherehani, makopo manne ya halua, doti sita za khanga na redio ya mzee mmoja nisiyemjua hata kwa sura.

Na mimi ndiye niliyewafundisha wenzangu wote namna ya kufungasha.

Tulieni niwasimulie. Mkicheka, mcheke kwa adabu, maana aibu yenyewe bado mbichi.

Naitwa Ansbert. Kwetu Ndanda, ila mjini nina mwaka wa saba. Kazi yangu winga.

Kwa asiyeijua Kariakoo, winga hana duka, ana mdomo. Unashuka pale na sura ya kutafuta kitu, nakudaka, nakupeleka dukani, nikikuuzia napata changu cha juu. Mimi wateja wangu wengi nawapeleka kwa Mzee Hamood, anauza mabegi, miavuli, tochi na vikorokoro vingine vya safari.

Sasa kila winga ana sentensi yake ya kufungia biashara. Yangu ilikuwa hii: "Hata mimi mwenyewe natumia hii hii."

Nimeshamwambia hivyo mama mjamzito kuhusu sidiria ya kunyonyeshea. Aliinunua.

Basi siku hiyo akatokea dada mmoja mwembamba, miwani usoni, kitambulisho cha kazi kinaning'inia shingoni. Anaitwa Severa, anafanya kazi maabara fulani upande wa Upanga.

"Natafuta mabegi ya mgongoni, yawe matano. Ya kazi ngumu," akasema. "Tunaenda Kusini na wenzangu wa kazini. Tutatembea kwa miguu, tutalala porini, halafu tunaingia mapangoni."

"Dada yangu, umefika. Ona begi hili. Mimi mwenyewe nimeingia nalo mapango ya Amboni, siku mbili nzima. Nimetambaa nalo, nimelilalia, uzi haujaachia hata mmoja."

Akavua miwani.

"Kumbe umeshaingia pangoni?"

Hapo mwenye akili angesema "kidogo tu". Mimi nikasema, "Nimeshaacha kuhesabu."

"Kaka, Mungu kakuleta! Sisi wote watano ni wageni wa haya mambo. Nachukua sita, la sita ni lako, twende wote. Wewe utuongoze."

Mabegi sita kwa mpigo, wiki ambayo biashara imelala kama maiti. Nilikubali hata kabla hajafunga mdomo.

Jioni nikaunganishwa kwenye grupu la WhatsApp linaitwa Wazee wa Pango. Severa akaandika: "Huyu ndiye kaka Ansbert, mzoefu wetu. Tunafungasha kwa maelekezo yake."

Nikawa mzoefu.

Swali la kwanza likatoka kwa Khalfani, jamaa mmoja mwoga kishenzi. "Mzoefu, popo je?"

Nikainua macho. Mbele yangu ulikuwa unapita mkokoteni wa ndimu. Nikaandika: "Ndimu kumi kila mtu. Popo na harufu ya ndimu haviivi."

Wakanunua ndimu.

Mwingine akauliza kuhusu mwavuli. Mwavuli wa pangoni, jamani! Mtu timamu angecheka. Lakini miavuli ya Mzee Hamood ilikuwa imelala stoo tangu masika ya mwaka juzi, nikaandika: "Muhimu sana. Pango linavuja." Miavuli ikaisha yote.

Kofia ngumu nikasema hata ya bodaboda inatosha. Nguo nikasema ziwe nyeupe tupu, ili muonane gizani. Kila nikituma, vidole gumba vinashuka kama mvua. Kuna mmoja aliandika kwamba ananiombea.

Nilianza kujiona kweli nina kipaji.

Ndipo Severa akaandika: "Kaka, nimesoma kuna sehemu tutashuka kwa kamba, kama urefu wa ghorofa mbili. Tununue kamba gani?"

Hapo nilisita, nakiri. Nikageuka kuangalia dukani. Kamba zilikuwa za aina moja tu, zile za plastiki za bluu za kuanikia nguo, mita thelathini kila fungu.

"Ya bluu," nikaandika. "Mita thelathini."

"Inabeba mtu?"

"Hata wawili."

Nikatuma, nikaenda kula. Chipsi zilishuka vizuri tu, nisiwadanganye.

Jumanne yake, saa nne asubuhi, mama mmoja akaingia dukani na ndoo kichwani. Harufu ya samaki wa kukaanga ilitangulia, yeye akafuata. Nyuma yake alikuwepo Benedikta, binti mdogo kuliko wote kwenye grupu letu, ndiyo kwanza ana miezi minne kazini.

"Shikamoo mama," nikamwahi.

"Marahaba baba. Wewe ndiye Ansbert?"

"Ndiye mimi."

Akashusha ndoo. Akaniangalia kuanzia viatu kwenda juu, hana haraka, mpaka nikajikuta nachomekea shati.

"Mimi nakaanga samaki soko la Feri," akasema. "Huyu ndiye mwanangu, sina mwingine. Baba yake alishatangulia. Naambiwa huko mnakoenda kuna shimo la kushuka kwa kamba."

"Mama, ondoa shaka kabisa. Lile pango nalijua kama chumba changu."

"Kama chumba chako?"

"Hata taa sihitaji."

Mama hakubisha. Akauchukua mkono wa Benedikta, akauweka juu ya mkono wangu, akaifunika yote miwili kwa mkono wake uliojaa makovu ya mafuta.

"Basi nakukabidhi. Huyu mzee mwenye duka ndiye shahidi. Nimekupa mzima, unirudishie mzima."

Mzee Hamood akaweka kalamu chini. Benedikta alikuwa anaona aibu, anacheka chini chini. Mama akanifungia vibua viwili kwenye gazeti, akajitwisha ndoo yake, wakaondoka.

Vibua vile sikuvila. Nilimpa mlinzi.

Sijui kama mnanielewa. Begi likichanika, mteja atakuja, atanitukana, yataisha, kesho nitamuuzia lingine. Lakini mtu akishakukabidhi mwanaye, mkono juu ya mkono, na shahidi yupo, huna tena pa kuchomokea. Ukoo mzima utakuuliza wewe.

Kesho yake asubuhi nilikwenda stoo peke yangu na fungu la kamba ya bluu. Nikaipitisha kwenye bomba la chuma juu ya mlango, nikaifunga, nikajining'iniza. Nina kilo sitini na nane.

Kamba ikavutika kwanza, ikanipa matumaini. Halafu ikakatika, nikaanguka juu ya maboksi ya mabegi.

Nililala pale pale natazama dari. Nilikuwa nimeanguka kimo cha mtoto wa darasa la pili. Nikafikiria ghorofa mbili. Nikafikiria ule mkono wenye makovu. Nikaogopa, kuogopa kwa kweli.

Mtu mwema hapo angetoa simu akaandika ukweli. Mimi ni winga, nikatafuta ujanja.

Severa alikuwa ameweka sheria moja. Tutatembea kwa miguu saa nyingi, hivyo kila begi mwisho kilo kumi na mbili. Alhamisi mchana, siku moja kabla ya safari, tunapima yote mbele ya duka. "Atakayezidi anabaki," aliandika, "na sitaki kelele."

Nikajiambia, Ansbert, zidi. Ukizidi unabaki. Mzoefu akibaki, safari imekufa. Safari ikifa, Benedikta yuko salama kwa mama yake, na heshima yako iko pale pale. Niliuona mpango mzuri mno.

Na kuzidisha uzito wala si kazi. Nilisimama tu katikati ya mtaa nikasema kwa sauti, "Jamani, keshokutwa naenda Kusini."

Mnajua wenyewe. Kwetu ukitangaza safari, umekuwa basi.

Ndani ya saa moja Shaibu fundi nguo alikuwa ameniletea kichwa cha cherehani cha shemeji yake. Bi Ruqaya wa nyumba ya pili, ambaye siku zote hata salamu yangu huipokea kwa shida, akaleta makopo manne ya halua ya kumpelekea somo yake. Akaniita mwanangu. Akina mama wa genge wakaleta khanga za msibani. Redio ililetwa na mtu ambaye mpaka leo simjui.

"Usiipige chini," akasema. "Ni ya babu."

Nikapakia vyote. Nguo zangu nikaziacha nyumbani, nafasi iko wapi?

Alhamisi ikafika. Mabegi sita yamepangwa barabarani, watu wamejaa kuangalia, na mama Benedikta naye amesimama kando na ndoo yake. Begi la Severa, kumi na moja. La Khalfani, kumi na mbili kasoro. Benedikta tisa tu, amefungasha vizuri, ndimu zake ziko kwenye kimfuko cha kitambaa alichokishona mwenyewe. Kile kimfuko kiliniuma.

Likaja langu. Ishirini na saba.

"Kaka Ansbert, hii nini?" Severa akauliza akichomoa kichwa cha cherehani.

Nikavaa sura ya huzuni. "Mizigo ya watu, dada. Nimeshindwa kukataa. Kosa ni langu, na sheria ni sheria. Mimi nibaki tu. Safari tuisogeze mbele, hata mwakani."



Severa akavua miwani, akaifuta. Nilipomtazama vizuri, macho yake yalikuwa na machozi.

"Mnaona?" akawaambia wenzake. "Mwenzetu kaacha hata mswaki wake ili abebe mizigo ya wazee wa watu."

"Mzoefu haachwi!" Khalfani akaruka. "Tugawane!"

Oya! Kabla sijameza mate, begi langu limeshamwagwa chini. Khalfani anatoa suruali zake mbili, anaweka halua. Mwingine anavaa sweta juani ili apate nafasi ya khanga. Kichwa cha cherehani Severa akasema kitafungwa kwenye mti, kitabebwa na wawili. Begi langu likapimwa upya na ile redio peke yake, kilo tatu.

Watu wakapiga makofi. Bi Ruqaya akanipigia kigelegele kutoka dirishani.

Nilitamani ardhi ipasuke.

Halafu Benedikta akaja mbele yangu na lile fungu la kamba ya bluu, anatabasamu mpaka fizi.

"Kaka Ansbert, mimi ndiye mwepesi, nimeomba nishuke wa kwanza. Hebu nifunge kama utakavyonifunga kule, mama aone, roho yake itulie."

Mama yake akasogea.

Nikaipokea kamba. Nikaizungusha kiunoni mwa yule mtoto, nikaanza kufunga. Fundo ninalolijua mimi ni moja, lile la kufungia mabalo ya mabegi. Vidole vikapishana, fundo likakataa. Nikarudia, likakataa tena. Mama alikuwa hanitazami usoni, anatazama vidole.

Nikaiachia kamba.

"Sijawahi kuingia pangoni," nikasema.

Severa akacheka. "Kaka, usitutanie."

"Sitanii. Sijawahi."

"Si ulisema Amboni?"

"Hata Tanga sijawahi kufika, dada."

Khalfani ndiye aliyeanza kuzinduka.

"Na ndimu?"

"Nilitunga."

"Na miavuli?"

"Ilikuwa haitoki, kaka. Ilikuwa imekaa sana stoo."

"Na hii kamba?" Severa akauliza. Sauti yake ilikuwa ya chini sasa, na ndiyo iliyonitisha zaidi.

"Ni ya kuanikia nguo. Jana nilijining'iniza, ikakatika."

"Jana?"

"Jana asubuhi."

"Kwa hiyo tangu jana asubuhi unajua, na leo ulikuwa unamfunga nayo huyu mtoto?"

Nikaitazama ile kamba kiunoni mwake.

"Ulitaka kuniulia watu, Ansbert," akasema. Lile neno kaka lilikuwa limeshaondoka.

Mama Benedikta alilifungua lile fundo langu bovu kiunoni mwa mwanaye, akaiangusha kamba chini, akabeba ndoo yake, akasema "haya" na kuondoka. Bora angenizaba kibao.

Mzee Hamood alipokea miavuli yote na kamba zote zilizorudishwa, akanirundikia mikononi nipeleke stoo. "Ansbert," akaniambia, "kumsifia mtu begi mimi najua, na mimi nimo. Lakini ulipoona wanaingia nalo shimoni, si ungesema?"

Severa alinitoa kwenye grupu. Baada ya siku tatu akanirudisha, kwa sababu mizigo ya watu walikuwa wameshaipokea mbele ya mtaa mzima, na namba za simu za wenye mizigo ninazo mimi. Safari wakaisogeza wiki mbili. Akampata mwenyeji wa kule kule kupitia ofisi ya kijiji, mtu anayeingia mapango yale tangu utotoni, mwenye vifaa vinavyoeleweka. Naambiwa walipomsomea orodha yangu kwenye simu, aliomba wairudie, akamwita mkewe aje asikie.

Wakaenda bila mimi. Halua ikafika, khanga zikafika, redio ikafika. Kichwa cha cherehani nilikisafirisha kwa basi. Wazee wa Kusini wakawa wananipigia kunishukuru kwa moyo wangu wa upendo, na mimi kila simu naanza kueleza upya kwamba aliyeleta si mimi na kwa nini si mimi.

Siku nne walizokuwa huko sikulala vizuri. Kila grupu likilia nashtuka.

Jumanne yake mama Benedikta akatokea dukani. Peke yake. Nikasimama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Amerudi." Akakaa kwenye kigoda, akashusha pumzi. "Mzima. Ana matope mpaka masikioni, na hanyamazi, tangu jana ni pango, pango, pango."

Nililia, jamani. Mbele ya wateja. Siyo sana, ila nililia.

"Nisamehe mama. Nilikudanganya."

"Ulimdanganya nani? Mimi nilijua siku ile ile."

Nikafuta macho nimtazame vizuri.

"Baba, mimi Feri nina miaka kumi na tisa. Kila asubuhi nasimama mbele ya sinia naita, samaki wa leo, samaki wa leo! Wengine ni wa juzi. Wewe uliposema hata taa huhitaji, nikajiambia, ah, huyu mwenzangu."

Mzee Hamood akacheka mpaka akakohoa.

"Sasa kama ulijua, kwa nini ulinikabidhi mtoto?"

"Ningekuita muongo, ungenibishia. Ndiyo kazi yako, na ungenishinda. Benedikta naye angekuamini wewe, maana mimi ni mama mwoga tu. Nikaona nikupe mwanangu mkononi, nione utamfanya nini."

"Na kama ningenyamaza?"

"Ijumaa angekuta mlango una kufuli kwa nje. Nililinunua siku ile ile tulipotoka hapa." Akafikiri kidogo. "Kufuli lenyewe bovu, lakini lingemchelewesha."

Akanyanyuka, akajitwisha ndoo yake. Mlangoni akageuka.

"Ila ulinitesa. Mpaka mara ya pili ya lile fundo, bado ulikuwa hujasema."

Ndugu zangu, funzo nililolipata ni hili. Muongo wa kazi ukimbana kwa maneno, umempeleka uwanja wake wa nyumbani. Mkabidhi kitu anachojua hawezi kukilipa, halafu kaa pembeni umtazame vidole. Na wewe unayetoa ushauri usioujua, hata kwenye grupu, hata kwa utani, ujue upande wa pili kuna mtu anashona kimfuko cha kutia ndimu zako.

Mimi bado winga, nipo pale pale, ila nimebadilika. Juzi mteja kanishikia begi, akaniuliza kama linapitisha maji. Nikamwambia sijui, sijawahi kunyeshewa nalo.

Akanishukuru sana kwa ukweli wangu, akavuka kwenda duka la jirani. Winga wa kule alikuwa anajua.